Namna ya Kupata Fokasi Unapopiga Picha za Viumbe Wadogo Chini ya Bahari

Mpiga picha anayeanza kuzamia na lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, aghalabu hurudi chomboni akiwa na kadi iliyojaa picha za aina moja: mwili wa koa wa baharini umetoka vizuri na rangi zake zimewaka, lakini zile pembe mbili za kichwani, ambazo jicho la mtazamaji huzitafuta kwanza, zimefifia kana kwamba zilipigwa kupitia moshi. Hapo hukimbilia kuilaumu kamera. Mara nyingi kamera haina kosa, kwa kuwa ilifokasi pale pale ilipoelekezwa, na kilichobadilika ni mahali alipokuwa mpiga picha mwenyewe baada ya fokasi kukamatwa. Mwongozo huu unahusu badiliko hilo, ambalo hupimwa kwa milimita, na namna ya kulitawala.

Ukuzaji wa 1:1 maana yake ni kwamba kiumbe mwenye urefu wa milimita 10 huchukua milimita 10 hizo hizo juu ya kihisi cha kamera. Kwa kamera yenye kihisi kamili, yaani chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sehemu inayotoka kali kuanzia mbele hadi nyuma ya kiumbe, ambayo hapa nitaiita ukanda wa ukali, ni karibu milimita 1 tu ukitumia tundu la lenzi la f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), karibu milimita 2 ukitumia f/16, na haifiki milimita 3 hata ukilifunga tundu hadi f/22. Pumzi moja ya kawaida humwinua mzamiaji kwa zaidi ya hapo. Mota ya lenzi, iwe ya kasi namna gani, hutafuta mahali kiumbe alipokuwa wakati ilipompima, na hadi unapomaliza kubonyeza kitufe umekwisha kusogea. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika ukuzaji mkubwa kamera hufanya fokasi ya awali tu, na fokasi ya mwisho hufanywa na mwili.

Kabla ya kufika huko, anayeanza asione haya kurudi nyuma kidogo. Ukipunguza ukuzaji hadi nusu, ukanda wa ukali kwenye f/16 hupanuka kutoka milimita 2 hadi karibu milimita 6, na kihisi cha siku hizi kina nukta za kutosha kuikata picha hiyo baadaye bila kuiharibu. Kulifunga tundu kupita kiasi hakuleti nafuu ileile, kwa sababu kwenye 1:1 tundu la f/16 hutenda kama f/32, na mwanga unaopita katika tundu dogo hivyo husambaa na kuilainisha picha nzima. Kamera za Nikon zikiwa na lenzi zao za makro huonyesha namba hiyo ya pili kwenye kioo, jambo linalowachanganya wengi wanaolinganisha mipangilio yao na ya wenzao. Kwa kihisi kamili mimi huanzia f/14 au f/16, nikapanda hadi f/22 pale tu kiumbe anapokuwa amejikunja kiasi kwamba jicho na mdomo haviwezi kuingia pamoja.

Maandalizi ya nchi kavu

Kasha la kamera likishafungwa, vitu vingi havifikiki tena, kwa hiyo yakamilishe yote mezani. Zungusha kwanza kidude cha kitazamio mpaka maandishi yaliyomo ndani yasomeke bila kukaza macho, na ufanye hivyo ukiwa umevaa barakoa yako ya kuzamia ikiwa ina lenzi za macho. Niliwahi kupoteza mzamo mzima Mnemba kwa sababu kidude hicho kilijizungusha nilipokuwa napangusa kamera. Kila nilichokitazama kilikuwa na ukungu, na sikuweza kutofautisha fokasi nzuri na mbaya. Kisha hakikisha swichi ya lenzi iko kwenye fokasi ya kiotomatiki. Kama lenzi ina swichi ya kuzuia masafa, izuie isitafute mbali, maana lenzi ya milimita 100 au 105 iliyoachwa huru itakimbia hadi mwisho na kurudi kila inapokosa shabaha, na kiumbe hatakungojea wakati wote huo.

Hatua inayofuata ndiyo iliyobadilisha picha zangu kuliko kifaa chochote nilichonunua. Ingia kwenye menyu ya kamera uondoe fokasi kwenye kitufe cha kupigia picha, uikabidhi kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa dole gumba. Tangu hapo kidole cha shahada hupiga picha tu, na lenzi haigusi fokasi mpaka dole gumba liiruhusu. Vitendo hivyo viwili vikibaki pamoja, kila unapopiga lenzi huanza upya kutafuta, na kazi yote uliyoifanya kwa mwili inapotea. Hakikisha tu kwamba kasha lako lina wenzo unaokifikia kitufe hicho. Baadhi ya makasha ya bei nafuu hayana.

Zoezi lake halihitaji maji. Egesha rula mezani kwa mshazari wa nyuzi 45, weka lenzi kwenye 1:1, usiguse tena fokasi, kisha uinamishe mwili mbele na nyuma polepole huku ukitazama mstari mkali ukitembea juu ya namba za rula. Jaribu kupiga picha kila mstari huo unapopita kwenye alama ya sentimita 10. Kwa kuwa rula imelala kwa mshazari, ukali utaonekana mpana kidogo kuliko ulivyo. Siku ya kwanza utakosa mara nyingi. Utagundua pia kwamba kidole huchelewa, na kwamba ni lazima kibonyeze kabla tu ya ukali kufika.

Maji, mkondo na mwili

Picha za makro hupigwa vizuri zaidi siku za maji mafu, yaani maji yanapopwa na kujaa kidogo. Kwenye pwani yetu, tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3, na maji yote hayo yakipita katika milango ya miamba hutengeneza mkondo ambao hakuna mzamiaji anayeweza kubaki ametulia ndani yake kwa kiwango cha milimita. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Hata ndani ya siku moja, upenyo mzuri ni ule muda maji yanaposimama kabla ya kugeuka, na nahodha wa chombo ataujua kuliko programu ya simu. Majira ya kaskazi kwa ujumla ni tulivu kuliko ya kusi, ingawa ghuba iliyokingwa, kama ile ya Chole kisiwani Mafia, hutoa nafasi hata upepo unapokuwa mkali nje.

Katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968, Kisite-Mpunguti, au ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kushika au kuvunja matumbawe hakuruhusiwi, na hata pale ambapo hakuna askari wa hifadhi sababu ya katazo hilo haibadiliki. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba huna pa kujishikiza, kwa hiyo utulivu lazima utoke kwenye uzito uliobeba, hewa iliyomo katika jaketi lako la kuelea na namna unavyopumua. Usibebe vipande vya risasi vya uzito vingi kupita mahitaji, kwa sababu hewa ya kuvifidia hutanuka na kusinyaa kila unapobadilisha kina na kukuyumbisha. Lala mlalo, magoti yakiwa yamekunjwa na mapezi yakiwa juu ya kiwango cha mwili, ili usitimue mchanga. Penye mchanga mtupu unaweza kuchomeka kijiti cha chuma na kukishika kwa vidole viwili. Hicho pekee hupunguza kuyumba kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye picha.

Kuhusu pumzi, upo ushauri unaozunguka miongoni mwa wapiga picha kwamba mtu aizuie anapobonyeza. Usiufuate. Mzamiaji anayepumua hewa ya tangi akizuia pumzi huku akipanda, hata kidogo, anahatarisha mapafu yake. Badala yake pumua kwa utaratibu, na ubonyeze katika ule mtulio mfupi unaokuja wenyewe baada ya kutoa pumzi, kabla mwili haujaanza kuinuka tena. Na tazama geji yako mara kwa mara: kwenye kina cha mita 12 unatumia hewa zaidi ya mara mbili ya ile ungeitumia juu, na koa mmoja anaweza kukusahaulisha dakika ishirini.

Fokasi yenyewe, hatua kwa hatua

Ukimwona kiumbe, simama umbali wa mkono na umtazame bila kuinua kamera. Amua mambo mawili: anaelekea wapi, na unamtaka awe mkubwa kiasi gani ndani ya picha. Kisha tafuta kifusi cha matumbawe yaliyokufa au jiwe lenye ukubwa unaokaribia wake, uelekeze kamera huko, ubonyeze dole gumba mpaka fokasi ikamate kwa ukuzaji unaoutaka, halafu uachie. Lenzi sasa imefungwa katika umbali mmoja, na umefanya yote hayo bila kumsumbua kiumbe kwa mwanga wala kwa mota.

Msogelee sasa kwa upole, kutoka upande anaoelekea na kamera ikiwa chini kwenye usawa wa macho yake, mpaka aanze kuonekana katika kitazamio kama doa lisilo na umbo. Endelea kusogea kwa kuinamisha kiwiliwili tu, bila kupiga mapezi. Umbo litajitengeneza kuanzia sehemu iliyo karibu nawe zaidi: kwanza ncha ya pembe au sharubu, halafu jicho, halafu mgongo. Piga pale jicho linapoanza kukaza, si linapokuwa limekwisha kukaza, kwa sababu ya ule ucheleweshaji wa kidole uliouona kwenye rula. Ukipita, rudi nyuma kidogo mpaka liwe na ukungu tena na uanze upya. Piga picha tatu au nne katika kila mwendo ikiwa flashi yako inawahi kujaa. Kuipunguza nguvu huifanya ijae upesi zaidi.

Kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde na ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) ya 100 au 200 pamoja na f/16 huondoa karibu mwanga wote wa jua, ili picha iundwe na flashi peke yake. Flashi huwaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mtikisiko hauna nafasi kubwa. Hilo ni msaada mkubwa unapochunguza makosa: picha iliyopigwa hivi ikitoka na ukungu kwenye jicho, tafuta kosa katika umbali, usipoteze muda na kasi ya shata.

Jambo moja la maji linakufaidi bila wewe kujua. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia katika hewa iliyo nyuma ya dirisha bapa la kasha, na kwa sababu hiyo kiumbe aliye sentimita 12 kutoka kwenye dirisha huonekana na lenzi kana kwamba yuko sentimita 9. Unaweza basi kukaa mbali naye kidogo kuliko ambavyo ungekaa hewani kwa ukuzaji uleule, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu mwanga wa flashi kuingia kutoka pembeni.

Mtindo wa mwili haufai kila mahali. Samaki wa anemoni hatulii hata nukta moja, na kumfuata kwa kuinama ni kujichosha. Kwake huyo tumia fokasi endelevu, ambayo kamera huirekebisha bila kukoma, nukta moja ya fokasi iliyowekwa juu kidogo ya katikati ya fremu, ukuzaji usiozidi theluthi moja, na subira. Ana njia yake: hutoka, huzunguka, hurudi kwenye mnyiri uleule. Baada ya kumtazama dakika mbili utajua atakapopita, na utaiweka nukta hapo ukimngoja. Kuhusu kamera mpya zinazojitafutia macho, mimi huzitumia kwa samaki wakubwa wenye jicho la duara lililo wazi. Kwa kamba na makoa huzizima, maana hushika doa lolote jeusi.

Mahali pa kuweka ukali

Kwa koa wa baharini, ukali hukaa kwenye zile pembe mbili, ambazo ni viungo vyake vya kunusia. Akiwa amegeuka upande, sogeza kamera mpaka uso wa lenzi uwe sambamba na mwili wake, na hapo ukanda wa milimita 2 utaweza kubeba pembe, mgongo na shada la matamvua la nyuma kwa pamoja. Akiwa anakujia uso kwa uso, achana na matamvua. Weka pembe zote mbili katika umbali mmoja na uache yaliyobaki yafifie. Kinachoharibu picha ni mshazari wa katikati, ambapo pembe moja ni kali na nyingine haipo.

Mtazame vizuri jongoo bahari mkubwa unapompita, bila kumgeuza, kwa sababu mgongoni mwake huenda amepanda kamba mwekundu na mweupe wa sentimita mbili, ambaye wakati mwingine hupanda pia koa mkubwa mwekundu anayeogelea kwa kupepea kama kitambaa. Macho ya kamba huyo yamekaa juu ya vikonyo vinavyochomoza pembeni, kwa hiyo ukilenga kichwa macho yatakuwa nje ya ukanda. Lenga kikonyo kilicho karibu nawe. Kwa samaki mdogo anayechungulia tunduni, lenga ukingo wa mboni ambapo weusi unakutana na rangi, kwa kuwa fokasi ya kiotomatiki hutafuta mpaka kati ya giza na mwanga, na katikati ya mboni hamna mpaka.

Farasi wa baharini huinamisha kichwa na kugeuka akimulikwa, na baada ya picha chache muache. Wale wadogo kabisa hawakujulikana katika bara letu mpaka mwaka 2020, alipotambulishwa Hippocampus nalu kutoka ghuba ya Sodwana, Afrika Kusini, mwenye urefu wa kama sentimita 2. Kwa mnyama wa namna hiyo 1:1 haitoshi, na hapo ndipo lenzi za nyongeza zinapoingia.

Lenzi za nyongeza na kamera ndogo

Lenzi ya nyongeza hufungwa mbele ya kasha ukiwa ndani ya maji. Yenye nguvu ya +5, ikiwa imepimwa kwa matumizi ya majini, haifokasi zaidi ya kama sentimita 20 kutoka kwenye uso wake, na ya +10 haipiti sentimita 10. Nje ya masafa hayo kamera itatafuta bila kikomo, na wengi hudhani lenzi ni mbovu. Dawa ni kusogea kwanza mpaka kiumbe aonekane, ndipo uguse fokasi. Ondoa mapovu yaliyonasa kati ya lenzi na dirisha kabla ya kuanza. Povu moja hutosha kuifanya picha nzima iwe laini.

Mwenye kamera ndogo isiyopitisha maji hana sababu ya kusikitika. Olympus TG-6, iliyotoka mwaka 2019, hufokasi hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi ikiwa katika hali ya hadubini, na kihisi chake kidogo huipa ukanda wa ukali mpana zaidi kwa picha yenye ukubwa uleule. Nyingi za aina hii hazina kitufe cha nyuma cha fokasi, lakini zina namna ya kufunga fokasi, na ikishafungwa kazi ya kuinama ni ileile. Tatizo lake ni kivuli: kwa sentimita 1 kamera yenyewe huziba mwanga, kwa hiyo vuta kwa zumu na urudi nyuma kidogo.

Mwanga wa kulengea

Fokasi ya kiotomatiki haioni gizani, na chini ya uvungu wa mwamba giza lipo hata saa sita mchana. Funga tochi ndogo juu ya kasha, ielekeze mahali hasa ambapo ukanda wa ukali unaangukia, na uitumie kwa nguvu ndogo. Tochi yenye taa nyekundu hufaa usiku, kwa sababu samaki na kamba wengi huiona nyekundu kwa udhaifu na hawakimbii, ingawa kamera husita zaidi kufokasi chini yake kuliko chini ya nyeupe. Kwa makoa haina haja, nyeupe inatosha.

Ukiwa bado chini, fungua picha na uikuze mpaka jicho la kiumbe lijaze kioo, maana katika ukubwa wa kawaida kila picha huonekana kali. Ukali ukiwa umeangukia nyuma ya jicho, ulikuwa karibu mno wakati wa kubonyeza, yaani kidole kilichelewa ulipokuwa ukisogea mbele. Bonyeza mapema zaidi. Ukiwa mbele ya jicho, kwenye sharubu au pua, ulibonyeza kabla ya kufika, au mkondo ulikurudisha nyuma. Zikitoka picha tano mfululizo zenye kosa la upande mmoja, usiguse fokasi: badilisha wakati wa kidole tu. Zikitoka huku na huko bila mpangilio, mwili ndio haujatulia, na hapo funga kamera, jipange upya juu ya mchanga, na upumue mara kadhaa kabla ya kurudi kwa kiumbe.